Nani Alipie Sikio la Mkunga?

Mhadhara kuhusu fedha za umma na mapigo ya moyo wa mtoto wakati wa uchungu



Naomba tuanze na hesabu ya saa moja tu. Ni usiku, katika chumba cha kujifungulia cha kituo cha afya. Mkunga ni mmoja. Akina mama wenye uchungu uliokolea ni wanne, na wa tano anasukuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30 kwa mama ambaye njia bado inafunguka, na kila baada ya dakika 5 kwa mama anayesukuma. Tuchukue kiwango chepesi, dakika 30. Wale wanne watasikilizwa mara 8 katika saa hiyo. Anayesukuma atasikilizwa mara 12. Jumla ni mara 20. Kusikiliza kwenyewe ni dakika moja nzima, lakini kabla ya dakika hiyo mkunga anapapasa tumbo kutafuta mgongo wa mtoto uko upande gani, anasimika fetoskopu, kile kipaza cha kusikilizia moyo, anainama mpaka sikio likae sawasawa, na kwa mkono wake mwingine anashika kifundo cha mkono wa mama ili asije akahesabu mapigo ya mama akidhani ni ya mtoto. Baada ya hapo anaandika kwenye patografu, fomu ya kufuatilia mwenendo wa uchungu. Tuseme kila mzunguko unakula dakika 3. Mara 20 kwa dakika 3 ni dakika 60. Saa imekwisha. Hajapima presha ya mama hata mmoja, hajapima njia, hajabadilisha dripu, na mtoto wa yule anayesukuma hajapata wa kumpokea.

Ndiyo maana nikisikia kwamba patografu nyingi hujazwa mtoto akiwa ameshazaliwa, nambari zikipangwa 140, 140, 138, hasira yangu haimwelekei mkunga. Amepewa kazi isiyoingia ndani ya saa, akapewa na fomu ya kuthibitisha kwamba imeingia.

Siku hizi kuna vifaa vinavyoweza kumpunguzia mzigo huo. Vipo vinavyofungwa tumboni kwa mkanda na kuhesabu mapigo mfululizo, na vipo vinavyounganishwa na kompyuta inayosoma mchoro wa mapigo na kupiga king'ora pale mtoto anapoanza kuchoka. Swali la leo ni kama serikali itumie kodi zetu kuvinunua. Nami nasema itumie. Lakini sitaki niseme ndiyo ya haraka, kwa sababu nchi nyingine zimeshalipa kabla yetu na zimejifunza mambo ambayo hatuna sababu ya kuyajifunza upya kwa gharama ya watoto wetu. Msimamo wangu ni kwamba fedha ya umma inunue dakika zilizopo kati ya kusikia na kutenda. Kifaa ni sehemu ya dakika hizo, na si sehemu kubwa kuliko zote.

Kwanza tuelewane mtoto anachoka vipi. Kila uchungu unapokaza, msuli wa mji wa mimba huibana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma. Kwa muda huo mtoto hapati oksijeni mpya, anaishi kwa akiba aliyonayo. Uchungu ukiachia, damu inarudi naye anajaza akiba yake. Mtoto mwenye afya huvumilia hali hii kwa saa nyingi bila kudhurika. Hatari huja pale uchungu unapofuatana bila nafasi ya kupumua, mara nyingi kwa sababu mama ameongezewa oksitosini, dawa ya kuchochea uchungu, pasipo uangalizi, au pale kondo lilipokuwa dhaifu tangu mwanzo, au kitovu kimebanwa. Akiba inapungua, na moyo ndio unaotoa habari. Kwa kawaida hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Mtoto akiishiwa, mapigo hushuka uchungu unapofika kileleni, na yanachelewa kupanda hata baada ya uchungu kuachia. Kwa hiyo mkunga anayesikiliza katikati ya utulivu tu anaweza kusikia 136 nzuri kabisa, akaondoka, na mtoto akaendelea kuzama. Kusikiliza kunakofaa ni mara tu uchungu unapoachia. Hilo nalo linadai mkunga awepo pale, mkono wake ukiwa juu ya tumbo, akisubiri.

Duniani watoto wapatao milioni 1.9 huzaliwa wakiwa wamekufa kila mwaka, tukihesabu kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito, na zaidi ya wanne katika kila kumi hufariki uchungu ukiwa umeshaanza. Siku ile ilipoanza walikuwa hai. Hao ndio ninaowazungumzia.

Hapa Tanzania tumefanya kazi kubwa ya kumfikisha mama kituoni. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta akina mama 63 katika kila 100 wanajifungulia kwenye vituo. Ule wa 2022 ulikuta 81. Vifo vya akina mama vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Zimejengwa zahanati, vimejengwa vituo vya afya vya tarafa, baadhi kwa ile tozo ya miamala ya simu iliyolalamikiwa sana mwaka 2021. Umejengwa pia mfumo wa m-mama ulioanzia Kanda ya Ziwa, ambao kwa namba 115 unaleta gari kwa mama aliyekwama. Haya ni mambo ya kujivunia na nayataja kwa moyo mweupe. Lakini tazameni nambari inayokaa pembeni yake. Vifo vya watoto wachanga katika siku 28 za kwanza vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000, vikawa 24. Miaka saba, upungufu wa mmoja. Mama amefika kituoni. Kinachomsubiri mtoto ndani ya kituo hakijabadilika kwa kasi ile ile.

Sasa tuwaangalie waliotutangulia kununua mashine.

Mashine inayochora mapigo ya mtoto pamoja na uchungu, ambayo wodini huitwa CTG, ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na katika miaka ya 1970 ikaenea katika hospitali za Ulaya na Marekani kabla ya kujaribiwa ipasavyo. Tumaini lilikuwa kubwa: mtindio wa ubongo ungekwisha, kwa kuwa hakuna mtoto ambaye angechoka bila kuonekana. Mwaka 1985 matokeo ya jaribio la Dublin, lililohusisha wanawake 12,964, yalitoka. Degedege kwa watoto wachanga lilipungua kwa nusu, na hiyo ni faida ya kweli. Vifo havikutofautiana. Watoto walipofuatiliwa mpaka umri wa miaka minne, mtindio wa ubongo ulikuwa sawa kwa pande zote mbili. Majaribio ya aina hiyo yalipokusanywa pamoja, ikaonekana kwamba wanawake waliofungwa CTG walipasuliwa zaidi, kwa kiasi cha asilimia 63. Shirika la Afya Duniani katika mapendekezo yake ya 2018 halishauri CTG kwa mama mwenye afya ambaye uchungu umeanza wenyewe. Linashauri kusikiliza kwa vipindi, kwa dopla ya mkononi, kifaa kidogo kinachonasa mapigo kwa mawimbi ya sauti, au kwa kile kipaza cha mbao alichokibuni daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwishoni mwa karne ya 19.

Wahandisi wakasema tatizo ni macho ya binadamu. Michoro inasomwa vibaya, kwa hiyo tuipe kompyuta iisome. Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu Uingereza ilifanya jambo ambalo natamani kila serikali ilifanye. Kabla ya kununua mfumo huo kwa nchi nzima, ilitoa fedha za umma kupitia taasisi yake ya utafiti wa afya ili mfumo ujaribiwe. Jaribio hilo linaitwa INFANT. Lilifanyika katika hospitali 24 za Uingereza na Ayalandi, wanawake zaidi ya 46,000 wakahesabiwa, nusu wakiwa na kompyuta inayotoa tahadhari kwa rangi, nusu wakisomewa mchoro na mkunga peke yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet. Hakukuwa na tofauti. Watoto waliopata madhara makubwa walikuwa asilimia 0.7 kwa pande zote mbili. Marekani nayo, kupitia mtandao wa utafiti wa uzazi unaolipiwa na serikali, ilikuwa imejaribu kifaa kinachosoma umeme wa moyo wa mtoto katika hospitali 26, kwa wanawake 11,108. Jibu lilitoka mwaka 2015, nalo lilikuwa lile lile.

Wapo wanaoyasoma majaribio hayo na kusema teknolojia haina maana. Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Katika hospitali zile mama alikuwa na mkunga au muuguzi wake karibu. Tatizo la kusikia lilikuwa limeshatatuliwa kwa mishahara. Kilichobaki kilikuwa tatizo la kutenda, na kompyuta haina mikono. Mwaka 2022 ilitoka ripoti ya mapitio yaliyoongozwa na mkunga mwandamizi Donna Ockenden kuhusu huduma za uzazi katika hospitali za Shrewsbury na Telford huko Uingereza, ikigusa familia 1,486. Moja ya makosa yaliyojirudia humo ni mchoro wa CTG kusomwa vibaya, au kusomwa vizuri na mtu wa zamu akashindwa kumpandishia taarifa mkubwa wake kwa wakati. Mashine ilikuwa imechora kila kitu. Karatasi ilikuwepo. Watoto wakafa nayo ikiendelea kutoka.

Turudi Afrika, kwa kuwa ushahidi wetu tunao na hatuutaji vya kutosha.

Mwaka 1994 lilichapishwa jaribio lililofanyika katika Hospitali ya Uzazi ya Harare, kwa wanawake 1,255. Wanawake waligawanywa makundi manne: CTG ya vipindi, dopla ya mkononi, Pinard iliyotumiwa na mkunga wa utafiti, na Pinard iliyotumiwa na mkunga wa zamu kama kawaida. Mapigo yasiyo ya kawaida yaligunduliwa kwa asilimia 54 ya waliopimwa kwa CTG, 32 kwa dopla, 15 kwa Pinard ya mkunga wa utafiti, na 9 kwa Pinard ya mkunga wa zamu. Watoto wa kundi la dopla walitoka na hali nzuri zaidi, ijapokuwa CTG ndiyo iliyogundua mengi. Mimi huwa nasimama kwa muda mrefu kwenye zile nambari mbili za mwisho, 15 na 9. Kipaza ni kile kile cha mbao, bei yake ni ile ile. Mmoja alikuwa na muda wa kuinama, mwingine alikuwa na wodi nzima nyuma yake. Tofauti ile haikuhitaji betri.

Kampala nako, katika Hospitali ya Nsambya, dopla ya kuchajiwa kwa kuzungushwa mkono ilijaribiwa dhidi ya Pinard, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Iligundua watoto wengi zaidi waliochoka. Vifo havikupungua kwa kiasi cha kuaminika.

Na sasa Haydom, wilaya ya Mbulu, mkoa wa Manyara. Katika hospitali ile ya Kilutheri, kwa ushirikiano na watafiti kutoka Stavanger, Norwei, kilijaribiwa kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya mazingira kama yetu, kiitwacho Moyo. Ni dopla yenye kitambuzi cha fuwele tisa, kwa hiyo hakidai mkunga atafute kwa robo saa pembe sahihi ya tumbo. Kinadaka mapigo ndani ya sekunde chache, kinafungwa kwa mkanda mama akiwa amelala ubavu au ameketi, kinaonyesha nambari kwa tarakimu kubwa, kinakumbuka nusu saa iliyopita, kinapiga king'ora mapigo yakitoka nje ya mipaka. Kinapima pia mapigo ya mama mwenyewe ili yasichanganywe. Umeme ukikatika, kina betri. Akina mama waliohojiwa katika tafiti za hapa nchini walisema kusikia moyo wa mtoto kuliwapa faraja, ingawa wengi hawakuelezwa vya kutosha kile kitu kilichofungwa tumboni mwao ni nini. Hilo ni jambo la dakika moja ya mazungumzo na halihitaji bajeti yoyote. Tulifanye.

Moyo kilipojaribiwa peke yake dhidi ya fetoskopu, kwa akina mama wasio na hatari kubwa, kiligundua matatizo zaidi. Lakini matokeo ya watoto hayakutofautiana. Mnaiona hadithi inavyojirudia, Dublin, Kampala, Haydom? Sikio linakuwa kali, na vifo vya watoto vinabaki pale pale.

Watu wa Haydom hawakukata tamaa wala hawakukificha walichokikuta. Wakafunga vitu pamoja katika mpango ulioitwa Safer Births, wakaupeleka katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Kulikuwa na Moyo, kulikuwa na mfuko ulioboreshwa wa kumpulizia hewa mtoto asiyelia, kulikuwa na kifaa cha kupima mapigo yake akishazaliwa. Zaidi ya hayo kulikuwa na mazoezi. Hapo ndipo nataka mtazame kwa karibu. Mwanasesere wa mafunzo analala juu ya meza kwenye kona ya wodi yenyewe, siyo katika ukumbi wa hoteli mjini. Mkunga anayeingia zamu anasimama dakika chache, anaweka barakoa usoni mwa mwanasesere, anabana mfuko, na anaonyeshwa kama hewa imeingia au imevujia shavuni. Anarekebisha kidole gumba. Anabana tena. Kesho yake anarudia. Kila kituo kina wakunga wake walioteuliwa kusimamia mazoezi hayo, na takwimu za kituo zinasomwa na wenye kituo ili zoezi linalofuata litokane na kosa la juzi. Hakuna posho ya safari inayohitajika kwa mtu kuvuka wodi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la tiba la New England. Vifo vya watoto, tukijumlisha waliofia katika uchungu na waliofariki ndani ya saa 24 za mwanzo, vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Huo ni upungufu wa asilimia 18. Mikoa haikulingana, mingine ilifanya vizuri kuliko mingine, na hilo lenyewe linasema kwamba kifaa kile kile kikitua katika mikono tofauti kinaleta matokeo tofauti. Waliohesabiwa ni akina mama zaidi ya 280,000. Huu si mradi wa majaribio wa kijiji kimoja. Ni moja ya kazi kubwa za utafiti wa uzazi zilizowahi kufanyika barani, nayo imefanyika hapa, kwa mikono ya wakunga wetu.

Ndugu zangu, mnaweza kuniuliza kuhusu akili bandia. Kule Lilongwe, Malawi, kituo cha afya cha Area 25 kilifungiwa mfumo wa kompyuta unaosoma mchoro wa mapigo, kwa ushirikiano wa wizara yao ya afya, hospitali ya watoto ya Texas na kampuni iliyoutengeneza. Iliripotiwa kwamba katika miaka mitatu vifo vya watoto katika kuzaliwa vilishuka kwa asilimia 82. Nawapongeza kwa dhati. Lakini hiyo ni hesabu ya kabla na baada katika kituo kimoja, ambacho wakati huo huo kilikuwa kikisaidiwa kwa wataalamu na vifaa vingine. Sijui tena ni kipi kilichookoa, na mtunga bajeti anapaswa kujua. Mfumo wa namna hiyo ukiletwa kwetu, uingie kwa utaratibu ule wa INFANT: akina mama wenye mfumo na wasio nao, kwa kura, ukaguzi uwe wa watu wasiouza mfumo huo, na fedha za ukaguzi zitoke serikalini. Hata katika Safer Births, kampuni ya Laerdal inayotengeneza Moyo imekuwa mshirika wa miaka mingi, jambo ambalo watafiti wamelitangaza wazi. Uwazi huo ni mzuri. Hata hivyo nchi inayotaka kununua kwa wingi yafaa iwe na utafiti wake iliyoulipia yenyewe.

Nina hofu moja ambayo sitaki kuipita juujuu. King'ora kikilia usiku, na mkunga akawa hana la kufanya isipokuwa kumpigia daktari, daktari atapasua. Atawapasua akina mama ambao watoto wao wamechoka na wale ambao watoto wao hawajachoka, kwa sababu king'ora kina makosa yake. Utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mwanamke anayepasuliwa kujifungua barani humu ana uwezekano wa kufa mara 50 hivi zaidi ya yule wa nchi tajiri. Kutokwa damu ni sababu mojawapo kubwa, na dawa ya usingizi isiyo na mtaalamu ni nyingine. Mwanamke huyo huyo atarudi na mimba nyingine akiwa na kovu kwenye mji wa mimba, pengine akiishi kilomita nyingi kutoka kwenye chumba cha upasuaji. Kwa hiyo kabla ya upasuaji mkunga awe na hatua zake, na awe na mamlaka ya kuzichukua bila kuomba ruhusa: kumgeuza mama alale ubavu, kufunga dripu ya oksitosini, kumpa maji, kupima njia, kusikiliza tena. Watoto wengi huamka kwa hatua hizo. Hazina gharama kubwa, lakini zinahitaji mtu aliyezifanyia mazoezi hata mikono yake ikazijua.

Sasa fedha. Safer Births katika ile mikoa mitano iliendeshwa pamoja na Wizara ya Afya na TAMISEMI, lakini sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na wafadhili, ukiwemo mfuko wa GFF ulio chini ya Benki ya Dunia. Tumeona Januari 2025 jinsi saini moja iliyotiwa Washington ilivyosimamisha misaada ya Marekani, na kliniki katika bara zima zikaamka asubuhi bila watumishi. Mtoto anayezaliwa Sikonge mwaka ujao hawezi kutegemea kalenda ya mfadhili. Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Hatujafika huko, na sitatumia muda wenu kurudia lawama inayojulikana. Nataka tuangalie mistari ya bajeti, kwa kuwa huko ndiko nia hupimwa.

Tukinunua vifaa hivi kama tulivyozoea kununua vifaa, kutakuwa na siku ya makabidhiano, viongozi watapiga picha na maboksi, na baada ya miaka miwili mkanda utakuwa umekatika, betri imekufa, jeli ya kupaka tumboni imekwisha, na kifaa kiko stoo kikiwa bado kinang'aa. Nani ana mamlaka ya kununua jeli? Jibu lipo tayari katika mfumo wetu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vya afya na zahanati vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao. Mfawidhi na kamati ya kituo wanaweza kuiandika jeli, mikanda na betri katika mpango wa kituo kama wanavyoandika glavu na dawa ya kuosha. Kinachohitajika ni Bohari ya Dawa iwe na bidhaa hizo katika orodha yake, kwa namba na bei, ili mfawidhi wa kituo cha Bukombe asilazimike kutafuta mtu anayesafiri kwenda Dar es Salaam.

Matengenezo ni mstari wa pili. Fundi wa vifaa tiba wa mkoa anahitaji gari au nauli, vipuri, na mkataba unaomlazimisha muuzaji kuvileta kwa miaka kadhaa baada ya mauzo. Mkataba usio na kipengele hicho usisainiwe, hata kifaa kikiwa cha bure. Cha bure kisichotengenezeka kinakula nafasi na imani ya mkunga.

Mstari wa tatu ndio mzito, nao ni ajira. Rudini kwenye ile hesabu ya dakika 60. Moyo kinaweza kurudisha labda nusu ya saa ile kwa mkunga, kwa sababu hainami mara 20. Hakiwezi kumgawa awe watu wawili. Mkunga wa pili katika zamu ya usiku, kwenye kila kituo kinachozalisha akina mama wengi, ana gharama inayorudi kila mwezi, na ndiyo sababu huachwa nje ya kila tangazo la teknolojia mpya. Naomba Bunge likipitisha fedha za vifaa hivi, lipitishe katika kikao hicho hicho vibali vya ajira kwa vituo vitakavyovipokea. Pamoja na mkunga huyo, apatikane mtaalamu wa usingizi anayelala eneo la kituo, chupa za damu kwenye jokofu, na gari la 115 lenye mafuta.

Mwisho, takwimu. Kila halmashauri inajadili vifo vya uzazi, na watoto wanaofia katika uchungu wanapaswa kujadiliwa hivyo hivyo, kituo kwa kituo, bila kumtafuta wa kumfukuza kazi, maana ukimfukuza mmoja wengine watajifunza kuandika kwamba mtoto alikuwa amekufa kabla mama hajafika. Dawa ya uandishi huo ipo: mapigo ya mtoto yapimwe mara tu mama anapopokelewa, yaandikwe na saa yake, na kifaa kikiwa na kumbukumbu, kumbukumbu hiyo ihifadhiwe. Hapo ndipo tutajua ni wangapi walioingia kwetu wakiwa hai.

Vituo huandaa mipango yao ya mwaka wa fedha miezi mingi kabla ya Julai, na wananchi wana wawakilishi katika kamati ya kila kituo. Ninyi mlioko hapa mnawajua kwa majina. Wakati mpango ujao utakapoandikwa, waulizeni: zamu ya usiku ina wakunga wangapi, dopla ngapi zinafanya kazi leo, mwanasesere wa mazoezi yuko wodini au amefungiwa kabatini, na fedha ya jeli imeandikwa ukurasa gani.